Blanketi la Mistari ya Mashangazi

Kaka yangu hajawahi kusokota hata kamba ya kufungia mbuzi, lakini siku aliyotangaza kwenye grupu la ukoo kwamba blanketi la bibi wa bi harusi litafumwa kwa msaragambo, yaani kwa kazi ya pamoja, alitangaza kwa sauti ya fundi. Ulikuwa ujumbe mrefu wa sauti, na jogoo wa jirani yake kule Same mjini akiwika nyuma. Mtoto wake wa kwanza alikuwa anaoa katika kijiji cha Kisiwani, na katika ukoo wetu huendi kuchukua binti wa watu bila blanketi la kumfunika bibi yake mbele za watu. Wengine hulinunua Hedaru likiwa kwenye mfuko wake wa plastiki wenye zipu, lina picha ya simba, yameisha. Kaka alitaka letu lipite kwenye mikono ya ukoo mzima. "Umoja ni nguvu," alisema, na watu wakamjibu kwa vidole gumba.

Mfumaji katika ukoo huo ni mimi, dada yake. Nina kitanda cha mfumi, ule mtambo wa mbao wa kufumia, katika chumba cha nyuma hapa Bombo, na kitambaa kilichotandikwa kwenye altare ya usharika wetu ni kazi yangu. Shamba nililopewa ni mteremko ambao hata kuku hupanda kwa kusitasita. Kwa hiyo sina mali nyingine ya kujivunia zaidi ya jina la ufundi, na jina hilo ndilo kaka alilotaka kulipeleka Kisiwani likiwa limeshikwa na kila mtu.

Siusemi vibaya msaragambo. Wazee wetu waliitana kwa namna hiyo wakachimba mifereji na kuzibua ndiva, yale mabwawa ya maji ya mashamba, na mpaka leo barabara ikiporomoka watu wanatoka na majembe bila kubembelezwa. Shida yetu Wapare ni kwamba tukishaona jambo limefaulu kwa majembe mengi, tunaamini hata jino bovu linaweza kung'olewa kwa msaragambo. Mtande si mfereji. Mtande ni zile nyuzi za urefu zinazotangulia kufungwa kwenye kitanda kabla mshindio, uzi wa upana, haujaanza kukatiza, na lazima zivutwe na mkono mmoja, kwa nguvu ileile, kuanzia uzi wa kwanza hadi wa mwisho. Nililiandika hilo kwenye grupu. Mtu akatuma picha ya maua ya asubuhi njema.

Mashangazi walifika wakiwa na sufuria la makande na kila mmoja na rangi yake ya uzi, maana walikwishapatana kwamba kila shangazi awe na mstari wake. Shangazi mkubwa alikuja na nyekundu. Nikawaamkia, nikawaonyesha fremu yenye vigingi, nikawaeleza uzi unavyozungushwa. Walinisikiliza kama wanavyomsikiliza mwinjilisti kijana, kwa heshima na bila nia yoyote ya kutii.

Shangazi mkubwa alivuta uzi kama anayemtoa mbuzi kwenye mahindi ya watu.

"Shangazi, legeza kidogo," nikamwambia.

"Mwanangu, mimi nilikuwa navuta kamba kabla mama yako hajaolewa."

Aliyemfuata, mwenye njano, alizungusha huku simu ameibana kati ya bega na sikio, anamsema muuza mkaa, na uzi wake ukaning'inia kwenye vigingi. Mwenye kijani alianza kwa kukaza, akachoka, akamalizia kwa kulegeza. Mke wa kaka alileta bluu, akazungusha kidogo, akajipiga picha nyingi. Kaka mwenyewe alipanda kutoka Same kuja kusimamia. Alisimama mlangoni akisema "safi, safi", na alipoona makande yameiva akaona kazi pia imeiva.

Walipoondoka nilifunga mtande kwenye kitanda, na kila kitu kikaonekana. Nyekundu ilikaza mpaka inalia ukiigusa. Njano ililegea kama kamba ya kuanikia nguo za nyumba yenye watoto wengi. Asiyejua kufuma anadhani kosa kama hilo litamezwa na kitambaa. Halimezwi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kazi hii ufa unazibwa kabla mshindio haujapita, kwa mkasi. Unakata, unatanda upya.

Nikampigia kaka nikamweleza.

"Ukate nyuzi za shangazi zako?" akaruka. "Unataka harusi ivunjike?"

Shangazi mkubwa alikuwa karibu naye, akachukua simu. "Kukata uzi wa harusi ni kukata harusi," alisema. Mila hiyo ilizaliwa siku ile, saa ileile, mdomoni mwake, na kufikia jioni ukoo mzima ulikuwa unaitaja kama iliyoachwa na mababu. Niliwadharau wote kwa moyo mweupe. Lakini mkasi niliuweka chini, kwa sababu harusi ikija kuyumba kwa jambo lolote, hata mvua, ningeambiwa ni mimi niliyekata.

Nikafuma. Nyuzi za njano nilizifungia mawe kwa nyuma ili zikaze, mawe yakawa yanabembea na kugongana kila nikikanyaga kanyagio za kitanda. Za nyekundu zilikatika, nikaunga, zikakatika tena. Pindo zikaanza kuingia ndani, na kadiri nilivyozinyoosha upande mmoja ndivyo upande wa pili ulivyokunjamana. Nilipolitoa kitandani nilijipa moyo kwamba maji yatasaidia. Nikaliosha, na nyekundu ikazidi kujikunja. Njano ikafura malengelenge katikati. Blanketi likakauka likiwa na matuta kama shamba la viazi.

Kaka alilitazama akasema, "Lina asili." Ndivyo wanavyoita siku hizi kila kitu kibovu kilichotengenezwa nyumbani.

Tukashuka nalo Kisiwani. Bibi wa bi harusi alikuwa mfugaji wa ng'ombe, mfupi, mkavu wa maneno, amekaa mbele ya nyumba na jamaa zake wamejaa. Alipokea shikamoo zetu, akalitandaza blanketi mapajani, akapitisha kiganja kutoka ncha moja hadi nyingine. Kiganja kilipanda na kushuka.

"Fundi wa hili ni nani?" akauliza.

Nilimwangalia kaka. Mwenye umoja, mwenye nguvu, mwenye ujumbe mrefu wa sauti. Akanyoosha mkono kuelekea kwangu bila hata kupepesa jicho.

"Ni dada yangu huyu, bibi. Sisi tulimwachia yeye."

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Kazi ilikuwa ya ukoo mpaka kosa lilipotafuta mwenyewe. Nikasimama, nikaenda, nikapiga magoti mbele ya yule bibi na kushika pindo la blanketi.

"Kufuma nimefuma mimi, bibi. Lakini mtande una wenyewe, na kila mtu yupo na rangi yake. Hii nyekundu iliyojikunja ni ya shangazi yule pale mwenye kilemba. Njano iliyofura ni ya aliyekaa karibu naye, alikuwa anaongea na simu. Kijani alianza vizuri akachoka, ona hapa, ndipo alipochokea. Bluu ni ya mke wa kaka. Rangi ya kaka usiitafute. Yeye alikula makande."

Upande wao waliangua kicheko. Upande wetu shangazi mkubwa alikohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi chochote kinavyohitaji. Bibi hakucheka. Alilikunja blanketi taratibu, akaliweka kando yake.

"Watoto hawana kosa, waoane," alisema. "Ila siku ya harusi mniletee lingine. Na hawa wengine wasiguse uzi."

Nililifuma nikiwa nimefunga mlango. Mashangazi walipita nje wakisalimia kwa sauti kubwa, nikawaitikia nikiwa ndani. Nilitanda mwenyewe, mkono mmoja, rangi ya kahawia peke yake, ili pasiwe na mstari wa kumkumbusha mtu chochote. Lilipotoka kitandani lililala chini kama maji ya ndiva asubuhi.

Siku ya harusi kaka akaomba maikrofoni. Alilipokea blanketi kutoka mikononi mwangu, akaliinua juu lionekane hadi kwa wapishi.

"Hili," alisema, "tumelifuma sisi wenyewe, ukoo mzima, kwa mikono yetu!"

Mashangazi wakapiga vigelegele. Akamfunika bibi mabegani. Bibi alilipapasa, akalivuta vizuri kifuani, kisha akaisogeza ile maikrofoni ya kaka karibu na mdomo wake.

"Lenu lipo zizini," alisema. "Ndama analilalia. Hili ni la huyu."

Akanyoosha kidole kwangu, kama kaka alivyonyoosha mkono wake mara ya kwanza. Kaka alibaki ameshika maikrofoni, na mshereheshaji, ambaye hakuelewa chochote, akatuomba wote tupige makofi.