Tulipika chakula cha msiba wa kwenye riwaya, mtaa ukaja kunipa pole

Wakuu, habari za humu ndani. Hili limenikuta mwezi huu na mpaka sasa mtu akipiga hodi moyo unaruka. Nawapa lilivyokuwa. Neema ni memba humu na alikuwepo, nikidanganya atanichana mbele yenu.

Nipo Ifakara, kata ya Lumemo. Tuna kagrupu ketu ka wanawake tunaosoma riwaya. Kila mwezi kitabu kimoja, na anayekaribisha anapika kwake chakula kinacholiwa ndani ya kitabu. Mwezi uliopita wahusika walikula kambale mkavu wa nazi, na sisi tukala kambale. Waume zetu wanatuona wendawazimu, ila makombo wanamaliza.

Zamu yangu ikaangukia riwaya ambayo sura yake kubwa ni matanga. Wanawake wanapika wali na maharage uani, sufuria moja kubwa, mafiga matatu, wamejifunga khanga, wanasengenyana huku wanapakua.

Mimi na kiherehere changu nikasema tufanye vilevile. Nikaenda kuazima sufuria kubwa ya akina mama wa mtaa.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mnaokaa mitaa kama yetu mnajua, ile sufuria haitoki hovyo. Inatoka kwa harusi au kwa msiba. Na harusi kwangu hakuna aliyeisikia.

Sasa, wiki hiyo mama mkwe alikuwa kwangu. Alitoka kijijini kwake Mofu kwa ajili ya presha yake. Jumamosi asubuhi akaamka na kizunguzungu, mume wangu akampakia kwenye bajaji wakaenda hospitali, majirani wanaona. Nilitaka kuahirisha shughuli, mama akakataa.

"Maharage umesharoweka, Mama Happy. Pika. Mimi naenda kupimwa tu, narudi."

Nikapika, lakini roho haikutulia. Nakoroga, naangalia simu. Nakoroga tena, naangalia simu.

Wenzangu wakafika mmoja mmoja, khanga juu khanga chini kama kitabu kinavyotaka. Tukatandika mikeka uani.

Mara akaingia Mama Shija, jirani yangu, na mzigo wa kuni kichwani. Akautua, akanishika mikono yote miwili.

"Pole sana mwenzangu. Jikaze."

Wakuu, nilisikia baridi mwilini na jua lile la Ifakara. Mdogo wake Mama Shija anafanya kazi hospitali. Nikajua basi, huyu kaletewa habari kabla yangu. Sikumuuliza kitu. Utaulizaje swali kama hilo? Nikasema tu, "Asante dada."

Kumbe yeye alikuja kwa sababu ya sufuria na bajaji ya asubuhi. Ile asante yangu ndiyo ikamhakikishia.

Nikampigia mume wangu, hapatikani. Nikarudia, hapatikani.

Watu wakazidi kuingia. Huyu na kopo la sado limejaa mchele, yule na unga. Wanaume wakaanza kupanga viti nje ya uzio, mmoja anauliza turubai liko kwa nani. Neema akanivuta pembeni, "Kuna nini? Mbona watu wanakuja?" Nikafungua mdomo nimjibu, kikatoka kilio.

Akina mama wakakipokea. Na memba wangu nao wakalia, vitabu vikiwa kwapani.

Niwaambie ukweli nilichokuwa nawaza pale. Nilikuwa nawaza kwamba nimempikia mtu matanga angali hai. Huo ni uchuro, na mwenye uchuro ni mimi. Mume wangu ataniangaliaje? Mawifi je? Mawifi zangu nawaogopa kuliko mamba wa mto Kilombero, wanisamehe kama wapo humu.

Bajaji ikasimama. Mume wangu akashuka, akaona viti, akasikia vilio, akanijia mbio.

"Happy yuko wapi?" Mtoto wetu. Sauti ile sijawahi kuisikia kwake.

"Yupo kwaya," nikajibu huku nalia. "Mama je?"

Kabla hajajibu, mama mkwe akashuka mwenyewe, mfuko wa dawa mkononi. Kilio kikakatika. Mama Shija akaangusha mwiko. Simu ya mume wangu, wakuu, ilikuwa imeisha chaji tu!

"Nani amekufa?" mama akauliza.

Watu wote wakanigeukia. Nikapiga magoti, nikaeleza yote, kitabu, sufuria, khanga. Mama hakucheka. Aliiangalia ile sufuria mpaka nikatamani ardhi inimeze. Kisha akaketi mkekani.

"Nipakulieni."

Akala peke yake, hakuna aliyethubutu kugusa chakula. Alipomaliza akasema, "Huwa najiuliza, nikifia huku ugenini nani atanililia. Kumbe mnalia vizuri." Watu wakacheka kwa woga. "Ila siku yenyewe ikifika, huyu mkwe wangu asipike. Maharage hayajaiva."

Mume wangu hakucheka. Hadi leo hajacheka.

Nilichojifunza: mtu akikupa pole, muulize pole ya nini kabla hujaitikia. Na sufuria ya mtaa iacheni ikae kwa mwenye kuitunza.

Mama alisharudi Mofu. Tangu arudi, kila asubuhi ananipigia, anasema neno moja tu, "Mama Happy, bado nipo," anacheka, anakata.

Leo jua limeshapanda na hajapiga. Najua mtandao wa kule unasumbua. Mume wangu naye kaulizia mara mbili, anajifanya hana wasiwasi.

Kama kuna mliowahi kufanya jambo la uchuro likapita salama, andikeni hapo chini. Nitakuwa nasoma, simu iko mkononi.