Fundi wa Yoba na Vitambaa Viwili

Fundi wa malori wa pale Yoba, mjini Gitega, hataji bei kabla mwenye gari hajakishika kwa mkono wake kile kilichoharibika. Klachi ikiungua, gia ikivunjika, springi ikikatika, yeye hukisugua chuma hicho kwa mafuta ya taa, hukiviringisha kwenye kitambaa, kisha hukufunulia na kusema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msikitini, "Kwanza uone, ndiyo tuongee." Mikono yake haiishi weusi, ila kucha huzikata kila Ijumaa.

Shakila alitoka Muyinga kuja kuuliza gharama za kutengeneza lori ambalo kaka yake, Sudi, alifia ndani yake kwenye ajali. Msibani watu walinong'ona kwamba Sudi alibania pesa za breki, na tangu siku ile mama yao hajala akashiba.

Fundi alifunua vitambaa viwili. "Dada, shika hii. Breki ya marehemu iko nzima, mi mwenyewe nilimfungia mpya. Hii ingine iko chuma cha usukani. Ilipasukia ndani. Siku ya kufunga breki nililala chini ya lori, sikuiona." Hakuulizwa hilo, alilisema mwenyewe, macho chini.

Shakila aliupima unene wa kipande cha breki kwa kidole gumba, akasema alhamdulillahi, ndipo machozi yakamtoka.

"Na kutengeneza ni bei gani, fundi?"

"Bei itangoja. Mpelekee mama breki ya mwanawe, naye aishike."