Mlima Ukutani Mbotela

Kabla ya kugusa rangi za mafuta nilikuwa nimeandika mabango ya maduka kando ya Barabara ya Jogoo kwa miaka minane, na nilijiona bingwa. Kinyozi, hoteli, duka la nyama: herufi zangu zilinyooka hata wateja wa kulalamika wakakosa la kusema. Kwa hiyo mama alipokuja mjini kuishi nami, mtaa wa Mbotela, macho yake yakiwa yameanza kuingia ukungu, nilisema mlima wake nitauchora mwenyewe.

Maisha yake yote mama alisali asubuhi akiwa ameuelekea Mlima Kenya. Alibatizwa na kuolewa kanisani, lakini uso aliugeuzia huko, kama mama yake alivyofanya. Kwangu aliona ukuta tu. "Hapa naomba kama mtu anayeongea na kabati," aliniambia siku moja. Niliumia. Daktari alikuwa ameshasema macho yale hayana muda mrefu.

Mwalimu niliyemwendea alikuwa mzee Mwislamu wa Muthurwa, aliyestaafu kazi ya kupaka rangi mabehewa ya reli. Barazani kwake alianika picha za milima na misitu, na hadi leo sijaona mkono kama ule. Hakupiga mstari hata mmoja. Mabonde ya mbali aliyaanza kwa rangi nyepesi iliyotiwa tapentaini, akaja mbele taratibu, rangi ikizidi kuwa nzito, na theluji akaibandika mwisho kwa ncha ya kisu. Mimi, siku ya kwanza, niliuzungushia mlima mzima mstari mweusi. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Kijana, umeuandika mlima," alisema. "Sasa uchore."

Jumamosi nyingi zilipita nikifuta na kuanza upya. Rangi ya mafuta hukaa mbichi siku kadhaa, na hilo lilinitia hasira, mimi niliyezoea bango likauke kabla sijamaliza chai. Mzee hakuwahi kunipandishia sauti. Hatimaye nikapata mlima ulionipendeza, niliouiga kutoka kalenda ya duka moja, nikaubeba nyumbani ungali mbichi. Mzee alinisindikiza, nadhani alijivuna kidogo kwa ajili yangu.

Mama aliusogelea mpaka pua ikakaribia kugusa ubao.

"Ni mzuri," alisema. "Lakini huu ni mlima wa watu wa upande ule mwingine. Sisi hatuuoni hivi."

Aliyepiga picha ya kalenda alikuwa amesimama ng'ambo ya mlima. Mimi nililetwa mjini nikiwa mdogo, sikujua kama una mbele na nyuma. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee alivuta kiti, akaulaza ubao juu ya meza mbele ya mama. "Basi tuonyeshe, mama," alisema kwa upole.

Mama alitia kidole kwenye rangi. Kilele kirefu hapa, pengo, kile kifupi kule, kisha mteremko mrefu hadi kwetu. Rangi ilipanda pande zote mbili za kidole, kama udongo nyuma ya jembe, ikaacha mfereji mzito. Mkono wangu wa mabango ulirukia kitambaa ili usawazishe. Mzee aliukamata.

"Acha hivyo," alisema. "Leo fundi ni huyu."

Kwa wiki tatu nilipaka msitu na mawingu kuuzunguka ule mfereji bila kuugusa, mzee akisimama begani mwangu. Ubao ulipokauka tuliutundika kwenye ukuta unaoelekea mlima wenyewe, chini kidogo, usawa wa kifua cha mama.

Macho yake yalizimika kabla mwaka haujaisha. Tangu hapo, kila asubuhi, nilimsikia akipapasa ukuta polepole mpaka kidole chake kipate njia yake. Alianzia kileleni, akashuka nayo hadi nyumbani, ndipo akaanza kuomba.