Maji ya Kikopo

Nilisikia maji kabla sijafungua macho. Bidoni baada ya bidoni yalikuwa yakimiminwa uani, katika birika la saruji, na wanawake wa kanisa la mjomba waliimba kama watu waliotumwa kutuamsha. Wiki ile mtaa wetu wa Katuba ulikuwa na kiu. Mabomba yalikohoa hewa tupu. Lakini maji ya kumzamishia nkambo wangu, mama aliyewazaa mjomba na mama yangu, yalipatikana.

Alikuwa ameamka kabla yangu, amekaa kitandani, kitenge mabegani, kifua kikimkoroma. Alibatizwa angali mchanga, kwa Wakatoliki wa Kambove, na tangu nimjue msalaba haukumtoka mkononi. Aliuchora juu ya bukari kabla ya tonge la kwanza, juu ya makaa kabla ya kuyapuliza, na kwa kidole gumba juu ya paji la kila aliyetoka nyumbani asubuhi. Mjomba, tangu afungue kanisa lake uani, aliuita uchawi. Nilimchukia kwa neno hilo na sijapata sababu ya kuacha.

Mjomba aliingia bila kubisha, suti nyeupe, miguu peku.

"Mama, maji iko tayari. Leo unazaliwa."

"Nilishazaliwa. Weye ulitoka mu tumbo ya nani?"

Wanawake waliojazana mlangoni walicheka, kisha wakameza kicheko.

"Matone ku kichwa haiko ubatizo. Mutoto mudogo anatubu nini? Mu nyumba ya muchungaji mupagani halale. Unakatala maji, unakatala na nyumba."

Mpagani! Mwanamke aliyemfundisha kusali. Nkambo aliinamisha kichwa, nami nilidhani ameshindwa. Kumbe alikuwa akitafuta kandambili zake chini ya kitanda.

"Siku ulizaliwa," alisema, "mwili ilikuwa baridi, pumzi inakwisha. Padri iko mbali."

Kwetu Wakatoliki, mtoto akielekea kufa, mkono wowote unaruhusiwa kumbatiza.

"Nilichota maji na kikopo, nikakubatiza miye mwenyewe. Nikakupa jina. Ile jina umeandika ku portail na rangi mwekundu, bantu bote baione. Kama maji yangu haiko kitu, enda uifute."

"Mama, usinipatishe haya mbele ya kondoo."

"Kondoo banabeba bidoni, muchungaji anavaa suti nyeupe. Tosha mwili yako pale, nipite."

Mjomba alichungulia nje, akaangalia lango lenye jina lake, akaangalia birika lililojaa hadi ukingoni. Hakulifuta jina. Watu wa namna yake hutaka mti ukatwe mizizi na bado uwape kivuli.

Nilifunga blanketi, sufuria na rozari katika kitenge kimoja, nikakitwika kichwani. Tulikuwa tunaenda mtaa wa Kamalondo, kwa mama yangu. Mjomba alitufuata hadi mlango wa mbele, si kutusindikiza, bali kuhakikisha tumetoka.

Kizingitini nkambo aligeuka. Akainua kidole gumba kuelekea paji la mwanawe, kama alivyomfanyia tangu utoto. Mjomba akakwepesha kichwa, haraka, kama anayekwepa nyuki. Kidole kikabaki hewani. Nkambo akajichorea mwenyewe ule msalaba, akanishika bega, tukashuka. Nyuma yetu mlango ukabamizwa, na komeo likasukumwa.