Kamba Niliyosokota na Mwanangu

Kwetu Chonyonyo, kwenye kumbukumbu ya marehemu, mtoto wa kwanza ndiye anayeomba kaburini kabla wageni hawajala. Mwaka jana, ilipokaribia kumbukumbu ya mke wangu, mwanangu wa kwanza alifika kwa bodaboda kutoka Kyerwa, anakofundisha fizikia. Akaniamkia, akanywa uji, kisha akasema, "Tata, nitafanya kazi zote. Ila kuomba, tafuteni mtu mwingine."

Mimi ni mzee wa kanisa, nimewaombea watoto wa watu wengi, na huyu wangu hakuwa ameikaribia Meza ya Bwana tangu tulipomzika mama yake. Nikamletea magamba makavu ya migomba niliyokuwa nimeyalowesha, tusokote kamba za kufungia kibanda cha wageni. Kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja anashika ncha bila kuiachia, mwingine anasokota.

Nikamuuliza siku hizi anawafundisha nini vijana. Nilikuwa natafuta tu mlango wa kuingilia.

"Juzi waliniuliza habari za mashimo meusi," akasema. Nyota kubwa mno, alinieleza, ikiishiwa nguvu hujiporomokea yenyewe. Kinachobaki ni kizito kiasi kwamba hata mwanga ukiingia hautoki, nacho huzunguka kwa kasi ya ajabu. Lakini nyota ya namna hiyo inapokufa, mara nyingine hutokea mlipuko ambao kwa sekunde chache hung'aa kuliko mamilioni ya nyota.

"Kitu kinachomeza kila kitu kinatoaje moto?"

"Angalia mkono wako unaosokota, Tata. Chukulia shimo ni huo mkono, na kamba ni nguvu za sumaku zinazolizunguka. Shimo likizunguka linazisokota, zinakaza, na nguvu ya ule mzunguko inapita humo hadi inachomoka pande mbili kama mishale. Shimo lenyewe linapungua kasi. Huenda ndivyo ilivyo."

Nikacheka. "Mwalimu mzima, na bado unasema huenda?"

"Huenda yetu inapimwa. Ikikosea tunaiacha. Na ninyi je? Mlikesha mkiomba, mkaniambia mama atapona."

Akaachia ncha. Kamba ikaruka, ikajinyonga yenyewe mpaka ikawa fundo. Tukaketi kulifumua, vichwa vyetu vikikaribiana.

"Hiyo nyota," nikauliza mwishowe, "nani aliianzisha kuzunguka?"

"Nilijua utafika hapo."

"Basi nijibu, nimeshafika."

"Ilizaliwa na wingu lililokuwa tayari linazunguka. Nyuma ya hapo mimi sijui, na sitaki kukudanganya."

"Mimi pia sikukudanganya, mwanangu. Nilitumaini."

Akaishika ncha tena, tukaendelea.

Sikumtafuta mwombaji mwingine. Hadi leo sijui kama ilikuwa imani au ukaidi. Siku ilipofika, mchungaji alimtazama mwanangu, na watu wote wakamtazama. Kimya kikawa kirefu hadi nikaanza kufungua kinywa ili nimwokoe. Ndipo akavua kofia, akasogea kaburini, akasema na mama yake kwa Kinyambo chetu. Akamshukuru kwa ndizi alizokuwa akimfungia kwenye jani kila asubuhi aendapo shule, na kwa kumsubiri njiani mvua iliponyesha. Akaishia hapo. Mungu hakumtaja, wala mwanzoni wala mwishoni.

Watu, kwa mazoea, wakaitikia, "Amina." Nami nikaitikia.

Tukaenda kula. Upepo ulivuma mchana ule, na kamba zetu zikakishika kibanda. Jioni akanisaidia kuzifungua, akapanda bodaboda akarudi Kyerwa.

Namshukuru Mungu kwamba mwanangu alisimama pale. Baba wengine hawakupewa hata hilo. Lakini kila ninapomwombea nikafika kwenye Amina, naikumbuka ile ya kaburini. Aliyeshukuriwa alikuwa mke wangu. Sisi tulikuwa tunamwitikia nani?