Pweza Ndani ya Friji ya Chanjo

Twaiba Chande alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Kwao Kikoneni walimcheka, maana hakuweza kunywa maji kwa kata iliyotoka kinywani mwa mwenziwe, na nzi akitua kwenye mchuzi, siku hiyo Twaiba alilala na njaa. Ndiyo sababu watu walistaajabu aliposhika ukunga kwa shangazi yake. Mtu anayeshindwa na nzi ataiwezaje kondo ya nyuma? Twaiba alikuwa akijibu kwamba damu ya uzazi si uchafu. Ni jambo alilolipanga Mwenyezi Mungu, lina mwanzo na mwisho wake, na likiisha huoshwa. Uchafu uliomchefua yeye ni ule ambao mtu anauona, anaweza kuuondoa, naye anauacha.

Alikwisha kuzalisha miaka ishirini nyumba kwa nyumba wafadhili walipojenga kituo cha afya pale Mirihini, kwenye njia ya kutoka Msambweni kwenda Kikoneni. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Walitaka huduma zote zikae chini ya paa moja, na wakunga wa kienyeji nao wasiachwe nje. Twaiba akapelekwa mafunzo ya wiki tatu, akarudi na sanduku la vifaa, akapewa chumba chenye kitanda, meza na dirisha la wavu. Kila asubuhi alikipiga deki mwenyewe. Kusoma alikuwa amejifunza ukubwani, kwenye madarasa ya ngumbaru, kwa hiyo juu ya mlango aliandika kwa chaki: Vua viatu.

Raha ile haikudumu. Mwishoni mwa tisini na saba zilikuja mvua za El Nino, upande mmoja wa jengo ukatitia, ukuta ukapasuka kutoka msingi hadi dirishani, vyumba viwili vikafungwa. Watu wote wakabanana katika vile viwili vilivyobaki. Kimoja alikitumia Lennox, mganga mkuu wa kituo, pamoja na Johnstone wa maabara na darubini yake. Cha pili ndicho kilichokuwa cha Twaiba. Sasa mlikuwa na kitanda chake cha kuzalishia, kiti cha Jaafar mng'oa meno, na meza ya sista Teresa, muuguzi wa kliniki ya watoto, pamoja na friji ya gesi ya kuwekea chanjo. Kati ya huduma na huduma palitundikwa pazia la kanga.

Hapo ndipo Twaiba alipojua maana ya karaha. Jaafar alitema na kutemesha watu kwenye karai moja, mate na damu na magego yaliyooza, na karai lile likashinda kutwa chini ya kiti, hatua tatu kutoka alipolala mwanamke mwenye uchungu. Sinki la kituo kizima lilikuwa moja. Johnstone aliyasuuzia humo makopo ya choo cha wagonjwa, kisha Twaiba akatakiwa anawie mikono humo humo kabla ya kumpokea mtoto. Hakunawia. Alijitekea maji yake kisimani, akayaficha nyuma ya kitanda na kuyafunika sahani. Siku nyingine harufu zilipochanganyika na joto la mchana, mate yalimjaa mdomoni, akatoka kwenda kuyatema vichakani.

Alimweleza Lennox mara mbili. Lennox alikuwa kijana mpole kutoka bara, hakupenda ugomvi. Akamwambia wavumiliane, jengo litarekebishwa bajeti ikitoka.

Mwezi wa sita mwaka wa tisini na nane, Esha, mtoto wa kaka yake Twaiba, alikuja kituoni na binti yake Biasha mgongoni. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na mwezi mmoja. Macho yalikuwa mekundu yanatoka tongo, mwili una moto, na vipele vimeanza nyuma ya masikio vikashuka hadi kifuani. Twaiba hakuhitaji kuuliza. Ilikuwa surua.

"Shangazi, mbona huyu alichanjwa?" Esha alimwuliza, akamwonyesha kadi ya kliniki. Ilikuwa na tarehe na muhuri: chanjo ya surua, mwezi wa tisa wa umri wake.

Twaiba akaipeleka kadi kwa sista Teresa. Teresa akasema kwamba chanjo haimshiki kila mtoto, wapo wachache huponyoka, na hilo ni kweli. Biasha akapelekwa hospitali kubwa, Twaiba akajituliza. Lakini wiki ile ile akaja mtoto wa pili mwenye surua, na baada yake wa tatu na wa nne. Wote walikuwa na kadi, na kila kadi ilikuwa na muhuri. Twaiba alizipanga kitandani akasoma tarehe. Zote zilikuwa za miezi ile ya baada ya mvua.

Jumatano ya kliniki alifika mapema, akakuta mama wapatao thelathini wameketi barazani na watoto wao, na Teresa hajafika. Chumbani palikuwa na harufu ambayo si ya karai. Aliifuata mpaka kwenye friji. Mlango haukuwa umeshikana vizuri. Akaufungua.

Kwenye rafu ya juu palikuwa na pweza ndani ya mfuko wa plastiki. Mnyiri mmoja ulikuwa umechomoza nje na kuzuia mlango usifungike. Maji yake ya rangi ya waridi yalikuwa yakidondoka juu ya vijisanduku vya chanjo vilivyopangwa chini, karatasi zake zimelowa na kubanduka. Kando yake zilisimama soda tatu na kopo la siagi. Twaiba alikichukua kipimajoto. Kwenye mafunzo waliambiwa chanjo isipite nyuzi nane. Hiki kilisoma kumi na nne.

Juu ya mlango wa friji ilibandikwa karatasi ya kuandikia joto, asubuhi na jioni. Siku ile ilikuwa tarehe kumi na saba. Karatasi ilikuwa imekwisha kujazwa mpaka tarehe thelathini, nne, tano, nne, nne, kwa kalamu moja na kwa mwandiko mzuri.

Pweza alimchefua, lakini karatasi ile ndiyo iliyomshinda. Alitoka kwa mlango wa nyuma akatapika mpaka ikabaki nyongo.

Aliporudi, Jaafar alikuwa amefika. Hakukana. Pweza ni wake, amemnunua jana kwa wavuvi wa Gazi kwa ajili ya wageni, na mbona kila mtu huweka chake mle? Teresa akaingia nyuma yake, akauona mlango wazi, akasimama. Twaiba alimwonyesha karatasi kwa kidole.

Teresa alikaa kwenye kiti cha Jaafar. Alieleza kwa sauti ndogo kwamba yuko peke yake, watoto arubaini kwa siku, na karatasi ikirudi wilayani Kwale na nafasi tupu yeye ndiye anayeandikiwa barua. Kisha akainua uso.

"Na chupa yako ya maji, Mama Twaiba? Mfungo wote wa Ramadhani nani alikuwekea ipate baridi? Si mimi?"

Ilikuwa kweli. Kila alasiri Twaiba alimpa Teresa chupa, na jua likizama akafuturu kwa maji ya baridi, akamshukuru Mola kwa neema hiyo. Hakupata kufikiri baridi hiyo imetoka wapi, au mlango wa friji umefunguliwa mara ngapi. Alijitazama mikono kana kwamba ilikuwa imetoka katika karai lile.

"Kweli," alisema. "Na mimi nimo."

Lennox alipoitwa, alifunga kipimajoto ndani ya kiganja chake akafikiri. Aliomba jambo lisitoke nje. Wasafishe friji, waweke barafu, kliniki iendelee leo kwa wale waliokwisha kuja, halafu yeye atawaandikia wakubwa taratibu. Akitaja jambo hili kwa ghafula kituo kitafungwa, na watu watatembea hadi Msambweni kutafuta dawa ya malaria.

Twaiba alimsikiliza mpaka mwisho, maana hayo nayo hayakuwa uongo. Kisha akamwuliza kama yeye angemchoma mwanawe sindano ile. Lennox akakiweka kipimajoto mezani. Twaiba akatoka kwenda barazani.

Aliwasalimu akina mama, wadogo wakampa shikamoo. Akawaambia pasi kuzunguka kwamba chanjo zilizomo ndani zimeharibika, na huenda zimekuwa mbovu tangu mvua ziishe. Wenye watoto waliochanjwa mwaka huu wajue watoto wao hawana kinga. Akawaambia na habari ya pweza, soda na karatasi, na akawaambia na habari ya chupa yake. Walianza kufunga watoto migongoni mmoja mmoja. Mama mmoja mzee aliyemleta mjukuu alitema mate kando ya mguu wa Twaiba, akaenda zake.

Ofisa kutoka Kwale alikuja siku ya nne. Chanjo zote zilichomwa shimoni. Teresa akahamishiwa Taru, nyikani. Lennox alipata barua kali na akabaki. Jaafar, ambaye hakuwa mwajiriwa wa mtu, alikwenda kufungua kiti chake sokoni Kombani, na nasikia wateja anao. Chanjo mpya zikaletwa na friji ikawekewa kufuli. Ila watoto mia mbili na kumi na wawili walitakiwa kurudia, na hakuna mama aliyetaka kuja.

Twaiba akasema atawafuata majumbani. Aliyejitolea kufuatana naye ni Johnstone, yule wa makopo, aliyebeba daftari la majina na kisanduku cha barafu, wakaongozana na muuguzi mgeni. Walitembea wiki tano. Johnstone alikuwa mtu wa maneno machache, na siku ya tatu, bila ya kuulizwa, alimwambia Twaiba kwamba makopo sasa anayasuuzia nje. Twaiba akamwambia ahsante.

Nyumba zilizokubali zilikuwa nyingi kuliko walivyotarajia. Zilizokataa zilirudisha mlango taratibu.

Kwa Esha alikwenda peke yake, jioni ya Ijumaa. Biasha alikuwa amepona surua na kurudi kutoka hospitali, lakini jicho la kushoto lilikuwa limefunikwa utando mweupe, na daktari alikwisha kusema halitaona tena. Twaiba aliketi mkekani akamweleza mpwawe kila kitu kwa kinywa chake, ingawa Esha alikwisha kuyasikia kisimani.

Esha alisikiliza huku akichagua mchele. Hakulia wala hakumtukana shangazi yake. Uso wake tu ulijikunja kidogo na kugeuka pembeni, vile mtu anavyogeuka akipita penye mzoga. Twaiba aliujua uso ule. Ulikuwa wake mwenyewe, aliubeba kituoni miezi yote ile akiwatazama wenziwe.

"Shangazi, karibu wakati wowote," Esha alisema mwishowe. "Lakini mtoto usimshike. Kwa sasa."

Twaiba akaitikia kwamba amesikia. Biasha alikuwa akitambaa kumfuata mkekani, naye akairudisha mikono yake ndani ya kanga, akakaa hivyo mpaka Esha alipokuja kumchukua mwanawe. Kisha akaaga. Jumamosi asubuhi Johnstone alimkuta njia panda amekwisha kufika. Twaiba akamwuliza jina linalofuata kwenye daftari ni la nani.