Pembe za Raketi ya Ogiso

Mume wa Tatsue Hirasawa alipofariki, alimwachia karakana katika bonde la Kiso, Japani, rafu ya raketi za mpira wa meza alizozichonga kwa mkono wake, na chapa ya chuma yenye jina la ukoo. Tatsue alikuwa amefundisha fizikia maisha yake yote. Mpira wa meza hakuwahi kuucheza. Lakini jina lile alililinda kama mboni ya jicho, na ndiyo maana maneno ya Ogiso, tarishi mstaafu, yalimchoma.

"Mwalimu, usinikasirikie. Hii raketi ya marehemu inanivunja mkono. Klabu nzima wanasema za Hirasawa zina kasoro."

"Zina kasoro, au wewe umezeeka?"

"Basi njoo uone mwenyewe."

Akaenda, akakaa kwenye benchi la ukumbi, macho kodo. Ogiso aliishika raketi kama mtu anavyoshika kalamu. Kibao chake kilikuwa cha pembe nne. Mpira ukija kulia, aliuchapa kama radi. Ukija kushoto, kibao kilichelewa kugeuka, na Bi Kurebayashi, muuza tofu, ile jibini ya soya, akamcheka: "Amka, babu! Barua imeshapita!"

Kwa nini kushoto tu? Swali hilo halikumpa Tatsue raha. Nyumbani aliilaza raketi kama ile juu ya ukingo wa rula, akaisogeza mpaka ikatulia. Ilitulia karibu na ncha: uzito umekwenda mbele, kama wa nyundo, wenye nguvu ya kupiga lakini mgumu kugeuza. Mbao haikuwa na kasoro, basi. Zamani Ogiso alikimbia kuuzunguka mpira ili aupige kwa upande wake wenye nguvu. Sasa magoti yamegoma, na mkono unafanya kazi ya miguu.

Ogiso alipokubali ncha ipunguzwe uzito, Tatsue alizikata pembe za raketi yake kwa msumeno, akapiga msasa mpaka kibao kikawa mviringo. Karakana ilinukia mti wa hinoki. Kabla ya kukata alikuwa amesita kidogo. Umbo lile lilikuwa la mumewe.

Siku ya kuijaribu, Ogiso alishinda kushoto na kulia, kisha akarudi kwenye benchi amenuna.

"Nini tena?" Tatsue akauliza.

"Nimeshinda kama mtu anayebandika stempu. Radi yangu iko wapi? Mwalimu, nirudishie pembe zangu."

"Pembe si kucha, Ogiso. Hazioti tena, hata ukilia."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bi Kurebayashi akanyoosha mkono. "Kama huitaki, nipe mimi."

Tatsue alikuwa amekuja na raketi nyingine ya pembe nne kwa ajili ya kulinganisha. Akampa Ogiso, na ile ya mviringo akaichukua Bi Kurebayashi. Wawili hao wakasimama kila mmoja upande wake wa meza, na chapa ya Hirasawa kwenye raketi zote mbili. Ogiso alishindwa vibaya, lakini kila alipopata radi moja alicheka peke yake.

"Mkono unauma?" Tatsue akamuuliza.

"Unauma sana. Raketi nzuri hii."

"Liseme hilo kwa sauti, wakusikie waliosema zina kasoro."

"Raketi nzuri!" Ogiso akapaza sauti. "Mbovu ni magoti yangu!"

Tatsue alikuwa ameshavua koti na kuichukua raketi ya mviringo. "Bi Kurebayashi, hebu nionyeshe. Kidole hiki kinakaa wapi?"